Chandarua juu ya jiwe

Mwaloni Igombe, Mwanza, saa saba mchana leo.
Dagaa wameanikwa, na pembeni yao, juu ya jiwe linalochoma, chandarua cha bluu kimetandazwa, kimekauka kau.

Kimefuliwa vizuri, hakina hata doa.
Shida ni jua.

Dawa ya kuua mbu imo kwenye nyuzi, na jua kali huiharibu. Chandarua cha kudumu kama miaka 3, au kufuliwa mara 20, kinageuka neti tupu mapema. Na neti isiyo na dawa ikishatoboka tundu la kupita kidole, mbu anajipitia tu.

Maji ya baridi, sabuni ya mche, fikicha taratibu. Dawa ya madoa hapana. Anika kivulini.
Kipya nacho kitoe kwenye mfuko, kitundike kivulini saa 24 ndipo ulale ndani yake.

(Wanaokesha ziwani na taa za dagaa ni habari nyingine: chandarua kiko nyumbani, wao wako nje na mbu.)

Hatua tano tu kutoka kwenye lile jiwe kuna mwembe. Kivuli tele, kakilalia mbuzi.

Wana Mwanza, vya kwenu mnaanika wapi?