Swichi ya transista kwa masafa ya redio: omu ndogo sio kila kitu

Wakuu, kuna swali linarudi sana kwa wanaojijengea redio: nataka transista ya kukata na kupitisha signali ya megahezi 7, ile bendi ya mita 40, nichukue ipi? Jibu la haraka huwa "tafuta yenye omu ndogo kabisa ikiwaka", basi mtu anaibuka na IRFZ44N, mosfeti (transista inayowashwa kwa volti kwenye mguu wa geti, mkondo ukapita kati ya miguu ya dreni na sosi), coz kila fundi inveta anayo kwenye droo, na ikiwaka ni miliomu 17.5 tu, nani asiitamani.

Kwenye inveta sawa. Kwenye redio fungua datashiti ushuke hadi mstari wa Coss, yaani kapasitansi ya upande wa dreni inayovujisha signali, utakuta pikofaradi kama 360, na hiyo inabaki pale hata geti iko sifuri. Piga moja gawanya kwa 2πfC (f ni masafa, C ni hiyo Coss), kwa megahezi 7 unapata omu 63 hivi, na laini yetu ya antena ni omu 50! Yaani ukiiunga mfululizo halafu "ukaizima", inapunguza desibeli (kipimo cha signali kupungua) moja na nusu tu, signali inajipitia zake.

Sasa njoo kwa 2N7000, kamosfeti kale kadogo ka bei ya chini. Datashiti inasema omu zinaweza kufika 5, hapo wengi wanakimbia, lakini Coss haizidi pikofaradi 25, ikizimwa ni omu 900 na ushee, ambazo zinazuia desibeli kama 19, na zile omu 5 ikiwaka zinakula chini ya nusu desibeli. Kwenye risiva sikio lako halitaona tofauti. Ila angalia, hiyo Coss wameipima dreni ikiwa na volti 25, ikiwa sifuri inapanda, kwa hiyo ukizima ipandishe dreni na volti 12 kupitia risista kubwa, na weka kapasita pande zote mbili ili hizo volti zisitoroke.

Desibeli 19 hazikutoshi? Weka nyingine kutoka kwenye laini kwenda ardhini upande wa risiva, iwake pale ya kwanza inapozimika. Kinachovuja kinamezwa, unafika kama desibeli 40, na hapo ndo napapenda kuliko kuhangaika kutafuta transista ya ajabu.

Upande wa kutuma ni habari nyingine. Wati 5 kwenye omu 50 ni kilele cha volti 22, na kila mosfeti ina diodi ndani yake, wimbi likigeuka inapitisha yenyewe hujaiambia. Dawa ni mosfeti mbili, sosi kwa sosi, diodi zitazamane kinyume, na sosi uziteremshe ardhini kwa risista kubwa. Omu zinakuwa mara mbili, kapasitansi nusu. Volti ya kuwasha geti nazo ipitishie risista ya kilo-omu 100 ili zipande na kushuka pamoja na signali, utachelewa maikrosekunde kama 10, kwa swichi ya kutuma na kupokea hiyo si kitu.

Ukipanda hadi megahezi 100 za FM, zile pikofaradi 25 za 2N7000 zinakuwa omu 64, umerudi palepale pa IRFZ44N. Huko tumia diodi za PIN, diodi zinazopitisha signali ya redio ukizipa mkondo, nyingi hazifiki pikofaradi moja, ila zinataka miliampea kadhaa muda wote zikiwa zimewaka, kwa hiyo kama redio yako ni ya betri pima kwanza.