Umeme ukikatika, mazungumzo nayo yanakatika

Nyumbani kwetu Majengo, hapa Moshi, umeme ukikatika usiku maongezi yanasimama. Baba na mama ni viziwi. Mikono isipoonekana hakuna habari, kwa hiyo mshumaa na kiberiti hukaa mezani muda wote. Aliye chumba kingine haitwi jina. Unapiga mguu sakafuni au unazima na kuwasha taa. Na usidhani ni nyumba ya kimya. Sufuria zinagongwa, milango inabamizwa, baba akicheka mtaa mzima unajua. Anayelala kwa tabu ni mimi ninayesikia.

Baba aliugua homa ya uti wa mgongo utotoni. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikivitikisa, seli zinapeleka habari kwenye ubongo. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Kwa kuku zinaota. Nilipomweleza baba hilo, alimtazama tetea wetu pale uani, kisha akanijibu kwa mikono: "Na bado tunamchinja."

Ila mimi naona sikio ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Watoto viziwi zaidi ya tisa katika kila kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mchaga anapata Kichaga kwa mama yake. Kiziwi anapata lugha yake kwa viziwi wenzake, tena akibahatika kupelekwa shule. Baba alikulia Kibosho, nyumba imejaa watu lakini ishara ni chache: kula, njoo, ng'ombe, utachapwa. Alipopelekwa bweni, shule ya viziwi ya Mwanga, akakuta watoto wanabishana mambo ya mpira kwa mikono. Anasema usiku ule hakulala, alikuwa anawatazama tu. Bibi alimpenda sana mwanawe, lakini amekufa bila kujua kwamba ni mtu wa utani. Mimi ninayesikia nilizaliwa ndani ya lugha ya alama. Yeye kiziwi ilibidi aifuate mbali. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, karibu wote watu wanaosikia, wakapitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo na alama ziachwe. Shule za nchi nyingi zikafuata, na watoto wakawa wanachapwa kwa kutumia mikono yao. Mtu akiniuliza kwa nini wazazi wangu "wasijifunze tu kusoma midomo", naukumbuka mkutano ule. Hebu jaribu wewe kusoma mdomo wa fundi mwenye sharubu aliyebana misumari kwa meno.

Nilikuwa mkalimani kabla sijajua kazi hiyo ina jina. Nikiwa darasa la nne, hospitali moja waliniagiza nimwambie mama kwamba mimba imetoka. Nikamwambia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, lakini ukienda kutibiwa bado unasikia majina yakiitwa dirishani kwa sauti, na kiziwi amekaa kwenye benchi tangu asubuhi.

Kwenye mikusanyiko ya CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, swali huja mapema: wewe kiziwi au unasikia? Nikisema nasikia, mikono ya mwenzangu inakwenda taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni. Nikiongeza kwamba wazazi wangu ni viziwi, kasi inarudi na umbea unaanza. Jina langu la alama, kidole kwenye kishimo cha shavu, nilipewa na wao, na ndilo ninalogeukia haraka zaidi.

Binti yangu aliomba maziwa kwa mkono kabla hajaweza kuyataja. Mama mkwe, mtu wa Ngaramtoni, aliogopa mtoto atachelewa kusema. Sasa anaongea kutwa nzima, na akitaka kunisema kwa babu yake ananigeuzia mgongo ili nisione mikono.