Nyuzi kumi na sita: nilivyozishika neva za mkono

Kwa mwanafunzi wa tiba, mahali pagumu zaidi kwenye anatomia ya neva za pembeni ni pleksasi ya brakia, yaani ule mtandao unaotoka shingoni, ukapita chini ya mtulinga na kwapani hadi mkononi. Mchoro wake unaukariri usiku, asubuhi umeyeyuka. Mimi niliushika kwa kuufunga kwa nyuzi. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Hesabu kwanza. Ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, hutoa jozi 31 za neva: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, sakramu (mfupa ulio juu ya mkia) 5 na mkia 1. Shingo ina pingili 7 lakini neva 8, na makosa huanzia hapo. Herufi C ni ya shingo na T ni ya kifua. C1 hadi C7 hutoka juu ya pingili yenye namba yake, C8 hutoka kati ya pingili ya mwisho ya shingo na ya kwanza ya kifua, na kuanzia T1 kila neva hutoka chini ya pingili yake. Kila neva huungana kutokana na mzizi wa mbele unaopeleka amri kwenye misuli na wa nyuma unaoleta hisia, kisha hugawanyika kuwa tawi la mbele na tawi la nyuma. Pleksasi ya brakia ni matawi ya mbele ya C5, C6, C7, C8 na T1. Vitabu huyaita "mizizi" ya pleksasi, jina baya, maana mizizi halisi imeshapita.

Wapo wanaofundisha kwa mfano wa mzabibu, kwa kuwa hapa Dodoma kila mtu anaujua. Siupendi. Tawi la mzabibu likishaachana na shina halirudi kuungana na jingine. Pleksasi ni kama korongo la mchanga siku ya mvua: maji yanaachana, yanazunguka kisiwa cha mchanga, yanakutana tena na maji mengine.

Nilinunua uzi wa kufumia wa rangi tano soko la Majengo. Kata vipande vya sentimita 80: C5 vitatu, C6 vinne, C7 vitatu, C8 vitatu, T1 vitatu. Jumla 16. Kila kipande kinawakilisha safari moja, kutoka tawi moja hadi neva moja ya mwisho. Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 40, gonga misumari mitano upande mmoja kwa mstari, ukiacha sentimita 5 kati yake, na ufunge kila rangi kwenye msumari wake. Mafungu usiyafunge fundo. Tumia vipete vya waya mwembamba, kwani fundo linaficha uzi na huwezi tena kuufuata kwa kidole.

Sentimita 12 kutoka misumarini weka mashina matatu: la juu ni C5 na C6 (nyuzi 7), la kati ni C7 peke yake (3), la chini ni C8 na T1 (6). Mbele kidogo laza rula kukatisha ubao. Huo ndio mtulinga. Nyuma yake kila shina hugawanyika mbele na nyuma, na hapa usifanye haraka. Shina la juu hupeleka nyuma nyuzi 4, mbili za C5 na mbili za C6, na mbele 3. La kati hupeleka nyuma 1, mbele 2. La chini hupeleka nyuma 2, moja ya kila rangi, mbele 4.

Ukivuka rula, kusanya kamba tatu. Vilivyokwenda nyuma vyote vinaunda kamba ya nyuma, nyuzi 7. Vya mbele vya shina la juu na la kati ni kamba ya nje, nyuzi 5. Vya mbele vya shina la chini ni kamba ya ndani, nyuzi 4. Majina hayo yanatokana na mahali kamba ilipo ukilinganisha na ateri (mshipa mkubwa wa damu) ya kwapa, kwa hiyo pitisha kipande cha mpira wa dripu katikati yake kiwe ateri. Bila mpira, "nje" na "ndani" ni maneno matupu.

Mwisho ni neva tano. Kamba ya nyuma hutoa aksilari (C5 na C6) na radiali (uzi mmoja wa kila rangi). Kamba ya nje hutoa muskulokutania (C5, C6, C7) na kuchangia nyuzi 2 kwa mediani. Kamba ya ndani hutoa ulnari (C8, T1) na kuchangia 2 nyingine kwa mediani, mbele ya mpira. Ukiwa sahihi utaona herufi M, na hesabu itasoma 2, 5, 3, 4, 2. Kwa baadhi ya watu C5 huchangia mediani pia, au C7 huchangia ulnari. Niliziacha ili ubao usomeke. Neva ndefu ya kifua hutoka C5 hadi C7 kabla ya mashina. Ikiumia, kombe la bega hunyanyuka kama bawa.

Faida inaonekana ukianza kuharibu. Legeza C5 na C6: aksilari imekwisha, muskulokutania imebaki na uzi mmoja kati ya mitatu. Ndiyo mkono unaoning'inia, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Huwapata watoto waliokwama bega wakati wa kuzaliwa, na waendesha bodaboda walioangukia bega huku shingo ikivutwa upande wa pili. Legeza C8 na T1: ulnari haipo, mediani imebaki nusu, misuli midogo ya kiganja inakufa. Ndiyo ajali ya aliyeteleza mtini akadaka tawi kwa mkono mmoja. T1 iking'oka karibu na ugwe, tazama na jicho la upande huo: mboni inakuwa ndogo na kope linashuka, kwa sababu neva za simpathetiki za jicho, zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru, hupitia hapo.

Kitu ambacho ubao hauoneshi ni umbali. Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika katikati, radiali huumia na kifundo cha mkono kinalegea, lakini kiwiko kwa kawaida bado kinanyooka, maana matawi ya msuli wa nyuma ya mkono yameshatoka juu. Gongo refu linalobana kwapa huweza kuua vyote viwili.

Baada ya ubao, nenda kwenye mkono wa mtu. Kunja kiwiko, pitisha kidole nyuma ya kifupa cha ndani: kinachoteleza ni ulnari. Pima pande zote mbili; kwenye ukoma inaweza kuwa nene na yenye maumivu. Kisha mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, uivute. Gumba likijikunja kwenye kiungo cha mwisho, ulnari ni dhaifu na mediani inasaidia kwa mlango wa nyuma. Hisia pima sehemu tatu tu: ncha ya shahada kwa mediani, ncha ya kidole kidogo kwa ulnari, na mgongo wa mkono kati ya gumba na shahada kwa radiali.

Ubao ukiutundika, weka karatasi ngumu kati ya nyuzi za mbele na za nyuma. Zikichanganyika, radiali itakuwa na nyuzi 6. Ukikuta hivyo, kosa lipo chini ya rula.