Siku moja maishani mwangu: hewa iliyonaswa ndani ya roketi

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua grafu kabla hata ya chai. Kazi yangu ni kukadiria jinsi hewa ya ndani ya roketi itakavyotoka inapopaa, kisha kupima kama nilipatia. Ardhini shinikizo ni kilopaskali 101 hivi. Kilomita 11 juu hubaki kama 23. Hewa ya ndani ikichelewa kutoka, tofauti ya kilopaskali 5 tu husukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu tani.

Saa 3:00. Modeli ya hesabu. Ujazo wa chumba na eneo la matundu ya kutolea hewa havinisumbui. Kinachoniumiza kichwa ni shinikizo la nje pale pale tundu lilipo. Roketi ikikaribia mwendo wa sauti, mawimbi ya mshtuko hutembea juu ya ganda, na tundu lililokuwa likivutwa hewa laweza ghafla kuzibwa na hewa ya nje. Ndiyo maana nabishana na wabunifu kuhusu mahali pa tundu zaidi kuliko ukubwa wake.

Saa 6:00 mchana. Karakana. Kila kihisi cha shinikizo kina kibomba chembamba kinachokiunganisha na chumba. Kikiwa kirefu mno, kihisi husoma kwa kuchelewa. Leo nimepitisha tochi kwenye midomo ya vibomba, kimoja kimoja. Cha nne kilikuwa bado na utepe wa kuzuia vumbi, umekaa sawasawa na rangi ya chuma. Nimeubandua kwa ukucha, nikaandika kwenye daftari, nikarudia vyote tangu cha kwanza.

Mikono ilitetemeka kidogo, kwa sababu Skylab, kituo cha anga cha Marekani, hainitoki akilini. Tarehe 14 Mei 1973, sekunde 63 hivi baada ya kuruka, ngao yake ya kuikinga na vimondo vidogo ilinyanyuka ikachukuliwa na upepo. Hesabu za kutoa hewa zilichukulia kwamba mwisho wa nyuma wa mfereji mmoja wa nje umezibwa kabisa. Haukuwa umezibwa.

Saa 10:00 jioni. Data za safari iliyopita: chumba cha nyuma kiliishiwa hewa haraka kuliko nilivyotabiri. Maungio yanavuja. Naongeza eneo la uvujaji, mstari unalala juu ya vipimo, isipokuwa kinundu kimoja karibu na mwendo wa sauti.

Saa 12:30. Bado nakitazama.