Kwenda Pisa na namba 377

Tulipanda treni stesheni ya Santa Maria Novella, Firenze, mimi na binti wa dada yangu, kila mmoja na daftari lake la mirabamraba. Treni ya kawaida huchukua kama saa moja kufika Pisa, na saa hiyo nilikwisha kuipangia kazi: tuandike tarakimu za mwisho za namba za Fibonacci mpaka zianze kujirudia.

Kwa aliyeusahau, mfuatano huo huanza na 0 na 1, kisha kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144, na kuendelea. Kanuni ya namna hii ndiyo uhusiano wa kujirejea, kwa sababu kila hatua hurejea nyuma kuchukua cha kuendelea nacho. Wengi wakiusikia hukumbuka kwanza ua la alizeti na ile 1.618, uwiano wa dhahabu. Hayo ni mazuri, lakini mimi yaliyonishika tangu ujana ni mabaki. Gawanya kila namba ya mfuatano huu kwa namba yoyote uipendayo, tupa jibu, shika kinachobaki. Humo ndimo nilimokutana na namba tasa kwa mara ya kwanza bila kuzitafuta.

Tarakimu ya mwisho ni baki la kugawanya kwa 10, wala huhitaji kuijua namba nzima ili kuipata. Unajumlisha tarakimu mbili za mwisho, ikifika kumi au kuzidi unaitoa kumi, unasonga mbele. Treni ilipokuwa inaukaribia mji wa Empoli nilikuwa nimeandika 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8, 3, 1, 4, 5, 9, 4, 3, 6, 9.

"Mjomba, 4 na 3 ni 7," akasema mpwa wangu, kalamu yake imeshaligusa daftari langu.

Nikafuta. Ikawa 4, 3, 7, na 3 na 7 zikatoa 0. Hapo ndipo nilipomwonyesha kitu ninachokipenda sana: nafasi ya 15, tukihesabu ile 0 ya mwanzo kuwa nafasi ya sifuri, inakaliwa na 610, na tangu hapo sifuri hurudi kila baada ya hatua 15. Ukifika hapo usiione, ujue kuna mahali umeteleza. Mfuatano unakusahihishia daftari wenyewe.

Tuliendelea. Sifuri ya nafasi ya 30, ya 45. Tulikuwa tumeshapita Pontedera alipoandika 7, 2, 9, 1, kisha 0, kisha 1. Nafasi ya 60. Alinyamaza kidogo, akageuza karatasi kulinganisha na mwanzo wake.

"Sawa, imerudi. Lakini nani kasema lazima irudi mwanzo? Si ingeweza kutembea kidogo, halafu ikaanza kuzunguka huko katikati bila kuigusa tena hii 0 na 1?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko chochote tulichokwenda kukiona. Nikampa 7 badala ya 10, kwa kuwa inaingia kwenye mstari mmoja: 0, 1, 1, 2, 3, 5, 1, 6, 0, 6, 6, 5, 4, 2, 6, 1, kisha 0, 1 tena. Hatua 16. Kinachoamua namba ifuatayo ni jozi ya mabaki mawili yanayofuatana, na kwa 7 jozi zote zinazowezekana ni 49 tu. Mtu anayetembea bila kikomo katika mji wenye njia panda 49 atarudia mojawapo, apende asipende. Hiyo ndiyo sababu ya kujirudia. Ya kurudi mwanzo kabisa ni nyingine: kanuni hii inakwenda pande zote mbili. Ukizijua mbili zinazofuatana, unatoa, unaipata iliyotangulia. Kila jozi ina jozi moja tu inayoifuata na moja tu iliyoitangulia. Kwa hiyo jozi ya kwanza kujirudia haiwezi kuwa ya katikati. Ingekuwa ya katikati, ungerudi nyuma hatua moja kutoka mara zote mbili na kukuta ile iliyoitangulia nayo imejirudia, mapema zaidi. Unarudi hivyo mpaka unafika kwenye 0 na 1.

Alitazama nje kwa muda. Halafu akaitazama tena ile safu ya 7 na kuona jambo ambalo sikuwa nimemwambia: nusu ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa. Penye 1 pana 6, penye 2 pana 5, penye 3 pana 4, kila jozi ikitoa 7.

Urefu wa mzunguko huu huitwa kipindi cha Pisano, kwa heshima ya Leonardo wa Pisa, ndiye Fibonacci mwenyewe. Kwa 2 kipindi ni 3, kwa 3 ni 8, kwa 10 ni 60, kwa 100 ni 300, kwa 1000 ni 1500. Ile 60 ya tarakimu za mwisho aliiona mwanahisabati Lagrange tangu karne ya 18.

Kutoka stesheni ya Pisa tulikwenda kwa miguu mpaka mto Arno, tukauvuka kwa Ponte di Mezzo. Tulipitia kanisa la San Nicola, mtaa wa Santa Maria, ambako juu ya mlango mmoja kuna nakshi ya mawe iliyojaa miduara mikubwa na midogo. Mwaka 2015 Pietro Armienti wa Chuo Kikuu cha Pisa alichapisha hoja kwamba vipimo vya miduara hiyo vinafuata namba za Fibonacci. Tulisimama chini yake tukiwa tumeinua shingo. Nakshi ni nzuri mno, na hoja inavutia, ila mimi vipimo vya mawe havinitulizi kama uthibitisho wa mistari mitatu. Mnara ulioinama tuliupita. Watu walikuwa wengi, na tulikotaka ni kule nyuma.

Camposanto ni uwanja mrefu wa makaburi uliozungukwa na kumbi zenye matao. Tarehe 27 Julai 1944, vitani, paa lake liliungua na michoro mingi ya ukutani ikaharibika. Humo ndimo ilimo sanamu ya Leonardo, ya marumaru, kazi ya Giovanni Paganucci ya mwaka 1863. Hakuna picha ya Leonardo iliyochorwa enzi zake, kwa hiyo uso ule ni wa kubuni. Haikunisumbua. Mtu huyu alituachia kitu kinachomtambulisha kuliko pua na ndevu.

Tulikaa kwenye kivuli karibu naye nami nikasimulia ninayoyajua. Baba yake aliwafanyia kazi wafanyabiashara wa Pisa katika forodha ya Bejaia, kwenye pwani ya Algeria ya leo, akamwita mwanawe huko ajifunze hesabu. Kijana akakutana na tarakimu tisa za Wahindi pamoja na alama ya kumi ambayo Waarabu waliiita sifr. Sisi tunaisema sifuri mpaka leo, karibu kama alivyoisikia yeye. Alisafiri Misri, Syria, Ugiriki na Sisilia, na mwaka 1202 akaandika Liber Abaci, kitabu kikubwa cha hesabu, akakitengeneza upya mwaka 1228. Sungura wamo humo kama zoezi moja kati ya mengi: jozi moja ikizaa jozi moja kila mwezi, na kila jozi mpya ikianza kuzaa baada ya mwezi mmoja, zitakuwa ngapi kwa mwaka?

Nikamfungulia picha ya ukurasa wenyewe kwenye simu. Nakala ya mkono imehifadhiwa Maktaba Kuu ya Taifa ya Firenze. Pembeni mwa maandishi kuna safu ya namba ndani ya kisanduku, kutoka juu kwenda chini, mpaka 377.

"Ishirini na tisa mara kumi na tatu," akasema mpwa wangu.

Nami nilitaka tukae hapo hapo kwenye 377. Iko nafasi ya 14 ya mfuatano, na inagawanyika kwa 13 kwa sababu mbili ambazo kwa kuzitazama hazijuani.

Ya kwanza: 13 yenyewe ni namba ya Fibonacci, iko nafasi ya 7, na 7 inaigawa 14. Nafasi moja ikiigawa nyingine, namba zake nazo hugawana. Tena kuna zaidi. Chukua namba mbili zozote za mfuatano huu: kigawo chao kikubwa cha shirika (KKS) ni namba ya Fibonacci inayokaa kwenye kigawo kikubwa cha shirika cha nafasi zao. Nafasi ya 12 ina 144, nafasi ya 18 ina 2584; KKS ya 12 na 18 ni 6, nafasi ya 6 ina 8, na 8 ndiyo KKS ya 144 na 2584. Nimeijaribu mara nyingi maishani na kila mara naiona kama mpya.

Sababu ya pili: 13 ni namba tasa inayoishia na 3. Ukiacha 2 na 5, kila namba tasa imepangiwa mahali pa kukutana na mfuatano huu. Ikiishia na 1 au 9, inaigawa namba ya nafasi iliyo moja kabla yake. Ikiishia na 3 au 7, inaigawa ya nafasi iliyo moja baada yake. Hivyo 11 inaigawa 55 ya nafasi ya 10, 7 inaigawa 21 ya nafasi ya 8, na 13 inaigawa 377 ya nafasi ya 14. Kinachotenganisha makundi hayo mawili ni iwapo 5 ina kipeuo cha pili katika ulimwengu wa mabaki ya namba hiyo tasa, yaani kama kuna namba ambayo mraba wake ukigawanywa kwa namba hiyo tasa hubakisha sawa na 5. Kanuni ya kujumlisha tu, mtoto anaiweza, na ndani yake limefichwa swali la vipeuo.

Leonardo aliandika 377 akahitimisha zoezi. Wala hakuwa wa kwanza. Nchini India, wataalamu wa ushairi akiwemo Virahanka, na baadaye Hemachandra kama mwaka 1150, walizipata namba hizi kwa kuhesabu mishororo. Silabi fupi ilihesabiwa pigo moja, ndefu mapigo mawili. Mshororo wa mapigo manne unapangika kwa njia tano, wa matano kwa njia nane. Silabi ya mwisho ni fupi au ndefu, basi unajumlisha hesabu mbili zilizotangulia. Namna hii ya kuufikia mfuatano naipenda kuliko ya sungura, kwa kuwa sababu ya kujumlisha inaonekana mara moja.

Aliyeupa mfuatano jina la Fibonacci ni Mfaransa Édouard Lucas, karne ya 19, na yeye ndiye aliyeutia mabaki kazini. Mwaka 1876 alitumia mifuatano ya aina hii kuthibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 39, na aliifanya kwa mkono. Baadaye mwanahisabati D. H. Lehmer aliurahisisha mtihani huo: anza na 4, kila hatua zidisha namba kwa yenyewe na utoe 2; baada ya hatua zilizopungua kipeo kwa mbili, baki likiwa sifuri, namba ni tasa. Tuliujaribu kwa 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1, tukishika mabaki tu. 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inabakisha 8, kisha 62, ambayo ni 31 mara mbili, baki sifuri. Imefaulu, 31 ni tasa. Mtihani huo huo umethibitisha namba yenye tarakimu 41,024,320 iliyotangazwa Oktoba 2024.

Jioni treni ilikuwa na nafasi tele. Mpwa wangu alitaka kazi ya kurudia nayo, nikampa ile aliyoianzisha mwanahisabati D. D. Wall mwaka 1960. Kila namba tasa inaigawa namba iliyopangiwa. Je, kuna yoyote inayoigawa mara mbili, yaani mraba wake pia uingie? Mwaka 1992 ndugu wawili, Sun Zhihong na Sun Zhiwei, waliliunganisha swali hilo na nadharia ya mwisho ya Fermat, ile isemayo kwamba namba nzima iliyopandishwa kipeo cha tatu au zaidi haiwi jumla ya nyingine mbili za kipeo hicho hicho. Kompyuta zimetafuta mbali sana, na mpaka leo haijapatikana hata moja.

Akaanza mwanzo kama asiyejua hilo. 7: 21 haigawanyiki kwa 49. 11: 55 haifiki hata 121. 13: 377, mraba ni 169, hapana. Kwenye 17 na 19 alisimama, maana zote mbili zimepangiwa nafasi ya 18, moja ikitoka chini na nyingine juu, na 2584 ni 8 mara 17 mara 19, zimekaa humo bega kwa bega. Mraba wa yoyote, hapana.

Taa za Firenze zilianza kuonekana akiwa kwenye 23. Nafasi ya 24, namba 46368. Akagawanya kwa 23, akapata 2016 kamili. Akagawanya tena, polepole, kalamu ikitikisika kwa mwendo wa treni: 87, na baki 15.

"Inayofuata ni 29," akasema, akaufungua ukurasa mpya.