Vile tuliacha kupiga ruti na rodi

Hiyo kazi ilikuwa kiwanda kimoja cha sukari huko upande wa Kano, jina siweki, ule msimu kiwanda kimefungwa kwa matengenezo na kila fundi wa welding kutoka Kisumu mpaka Awendo simu yake inalia. Sisi tulipewa laini ya stimu, zile paipu za kupitisha mvuke. Paipu ya inchi 8 skedyuli 80, yaani ukuta wake ni milimita 12.7, chuma cha kaboni cha kawaida ile A106 gredi B. Na malipo ni kwa jointi, kwa hivyo usiniulize kama watu walikuwa wanakimbia.

Tulifanya vile tumezoea, ruti, yaani ile weldi ya kwanza kule ndani kabisa ya jointi, na rodi ya 6010, grainda, halafu unajaza na kufunika na rodi ya aina nyingine, 7018. Mzee wetu, mtu wa Seme, ndiye alitufunza wengi wetu hiyo kazi na 6010 yake hakuna mtu angeweza kumwambia kitu. Sasa eksirei zikarudi. Inspekta alikuwa mwanamke kutoka Nairobi, tulimwita madam tu, akatuita kwa ofisi akaweka filamu moja moja mbele ya taa, na bana, kwa tumbo la paipu, kule chini unachomelea ukiwa umelala chali, kulikuwa na laini nyeusi nyembamba imenyooka, maana yake ruti haijashika ukingo. Halafu kwenye 7018 vidoti vyeusi, kila mahali rodi mpya imeanzia.

Mzee akaangalia akasema vijana wamechoka mkono.

"Mzee, hizi jointi ni za mafundi tofauti," madam akamwambia pole pole. "Mikono tofauti inakosea aje mahali pamoja?"

Hapo kila mtu alinyamaza. Tukatoka naye mpaka kwa paipu ambazo zilikuwa bado hazijachomwa, akatoa geji yake akaanza kupima. Beveli ni ule mdomo wa paipu uliokatwa mshazari, na ile pua yake, ukingo bapa unaobaki kwa ncha, kuna mahali grainda imeacha milimita 3 nzima, na gepu kati ya paipu mbili upande mmoja ni 1 upande mwingine ni karibu 4 kwa sababu watu wa kufiti walikuwa wanapima na jicho. Hiyo 6010 hata uwe nani haiwezi kupenya hapo kwa milimita 1. Kisha akauliza rodi zinakaa wapi. Paketi za 7018 zilikuwa wazi kwa sakafu karibu na mahali maji ya kupoza yanapita, na oveni ya rodi ipo, mpya kabisa, lakini watu wa stoo walikuwa wanapashia githeri ya lunch. Madam aliifungua, akaona sufuria, akaifunga. Hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angetukana. 7018 inavuta unyevu wa hewa, na huo unyevu ukiingia kwa moto unageuka haidrojeni, ndiyo inakupea mashimo, na saa zingine ufa ambao unatokea kesho yake au kesho kutwa wakati wewe umeshalipwa umeenda.

Injinia wa kiwanda akasema basi ruti zote ziwe TIG, ile ya tochi ya gesi ya argoni na waya badala ya rodi. Mzee akacheka. "Hiyo ni ya paipu za maziwa. Hapa ni stimu." Lakini madam alikataa wote wawili, akasema huwezi kubadilisha njia ya kuchoma ruti hivi hivi tu, lazima utaratibu mpya ufanyiwe majaribio kwanza, uandikwe, ndiyo uende kwa laini.

Basi tukafunga kipande cha majaribio, paipu imelala digrii 45. Beveli digrii 37 na nusu kila upande, pua milimita 1.5, gepu 3 ukitumia waya umekunjwa unaweka katikati, na kila teki, zile weldi ndogo za kushikilia paipu kwanza, inakwanguliwa na grainda mwanzo na mwisho mpaka iwe nyembamba ndiyo ruti iyeyuke ipite juu yake. Waya wa kujazia ni ER70S-6 ya milimita 2.4, argoni kwa tochi tu, ndani ya paipu ya kaboni huhitaji kujaza gesi kama stenlesi. Adui ni upepo. Pale Kano mchana ukifika upepo wa ziwa unaanza na gesi yako inapeperushwa yote, kwa hivyo tukakubaliana jioni ni ya kufiti, asubuhi ni ya ruti, na turubai pande zote. Rodi ya kwanza juu ya TIG ikawa 7018 ya 2.5 kwa ampea kama 85, kwa sababu ukiweka ya 3.2 na moto mkali unatoboa ruti yote uliyohangaikia. Rodi zenyewe zilichomwa kwa oveni digrii 350 kwanza, halafu zikakaa kwa 120. Githeri ikatafutiwa jiko lingine.

Vipande vya kupima nguvu ya kuvuta vilienda Nairobi. Vya kukunja vilikunjwa pale kwa wakshopu na presi ya haidroliki, mpaka vikawa herufi U, na huyo mzee aliyecheka ndiye alisimama karibu kabisa. Kikitokea ufa wa kupita milimita 3 umeanguka. Cha kwanza kikatoka laini, vingine pia. Mzee akakichukua kikiwa bado na mafuta akapitisha kidole juu ya weldi, akageuza, akapitisha tena.

"Omera," akaniambia, "hii tochi inachukua muda gani jointi moja?"

Nikamwambia ruti peke yake ni karibu mara mbili ya rodi. Akakiweka kile kipande kwa mfuko wa ovaroli akaenda moja kwa moja kwa injinia, kumwambia bei ya jointi ni ya 6010 na sasa tunaongea upya. Walibishana mpaka saa ya chai, na bei ikapanda.

Filamu za laini mpya zilipokuja bado kulikuwa na jointi za kurudiwa, siwezi danganya, lakini ile laini nyeusi ya tumboni hatukuiona tena.