Neno Nililompelekea Mjomba

Daktari alikuwa kijana, sauti yake ya upole, na alilisema akiwa ameinama kando ya kitanda cha mama: "She's confused." Ilikuwa Januari 2018, Glasgow, Uskoti, saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia. Mama alikuwa na wiki tatu tu tangu aje kunitembelea kutoka Tanga. Siku mbili nyuma alikuwa jikoni kwangu ananipikia mkate wa kumimina na kulalamika kwamba iliki ya huku haina harufu. Sasa alikuwa kalala na dripu mkononi, ananikazia macho, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nikatoka kwenye korido nikampigia mjomba, kaka yake mama, kule Ngamiani, Tanga. Shikamoo, marahaba, habari za baridi. Kisha nikamweleza nilichoambiwa, vilevile kama nilivyoambiwa:

"Mjomba, mama amechanganyikiwa."

Kimya. Nikasikia kiti kikiburuzwa, halafu sauti yake, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Amechanganyikiwa? Dada yangu?"

Nilijaribu kueleza, simu ikakatika. Nusu saa baadaye zikaanza kumiminika nyingine. Shangazi analia. Binamu anauliza ni nani aliyemfanya, alikula kwa nani kabla ya safari. Mwingine ameshafika kwa maalimu, ameomba kombe liandikwe, aya za kunywa kama dawa, na anataka kujua litasafirishwaje hadi Ulaya. Kwetu aliyechanganyikiwa ni yule anayezunguka sokoni na marundo ya mifuko, anayezungumza peke yake, ambaye watoto humfuata nyuma. Neno hilo likimshika mtu halimwachii hata akipona. Huwafuata wanawe mpaka kwenye posa. Na mimi, bintiye, ndiye niliyemvika.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kazi yangu ni kutafsiri, na kwa kipimo cha kamusi sikukosea. Kiini cha "confused" ni kitenzi cha Kilatini, confundere, kumimina vitu pamoja mpaka visitambulikane. Yaani kuchanganya. Lugha mbili zisizo na udugu zimeiona akili iliyovurugika kwa picha ileile moja. Nilipeleka tafsiri sahihi, ikawaliza watu Tanga nzima.

Ila neno la daktari halikuwa na uzito ule. Hospitalini "confused" ni kipimo, kama joto la mwili. Kuna mizani ya kupimia fahamu ambayo ilitungwa papo hapo Glasgow na Graham Teasdale na Bryan Jennett, wakaichapisha mwaka 1974, na sasa inatumika dunia nzima. Katika sehemu ya maneno, anayejibu sawasawa hupata 5. Anayezungumza lakini majibu yake yamevurugika hupata 4, na jina la hiyo 4 ndilo hilo "confused". Mama alikuwa na 4. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na chumvi kwenye damu imeshuka, mambo ambayo kwa mtu mzima wa umri wake yanaweza kuiyumbisha akili kwa siku moja. Daktari alilisema kama mtu anayesoma namba ambayo kesho itabadilika. Mimi nililipokea hivyo, nikalituma kwa watu ambao kwao halibadiliki.

Usiku ule niliruhusiwa kukaa naye. Kila mara alitaka kuinuka, ananiuliza kibla kiko wapi. Tanga ukiielekea Makka unatazama kaskazini karibu moja kwa moja. Glasgow ni kusini mashariki. Yeye alikuwa anageukia dirishani, halafu ukutani, halafu ananitazama kama niliyemfichia kitu. Faili lake lilikuwa na neno jingine, "disoriented". Lile limetoka Kifaransa, na ndani yake mna mashariki: aliyepotewa na mashariki yake. Nikamshika mabega, nikamgeuza taratibu mpaka uso ukaelekea upande unaofaa, nikamwambia, "Ndiyo hii, mama." Akatulia. Akasoma Fatiha yote bila kukosea herufi.

Kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja Mskoti aliyevunjika nyonga. Naye hakulala. Alikuwa ametutazama muda wote, na hatimaye akasema, kwa lafudhi ambayo ilinichukua miaka kuizoea: "She's just wandered, hen."

Hilo "hen" ni kuku jike, na watu wa kule humwita hivyo mwanamke kwa mapenzi, kama sisi tunavyomwita mwanangu mtu tusiyemzaa. Nilichokishika ni hilo jingine. Kiingereza cha vitabuni kingesema "wandered" ni kutembea bila njia. Kwa Waskoti ni hali pia, hali ya mzee ambaye akili imemtoka kidogo. Katangatanga. Bibi yule hakuona haya kulisema, wala hakushusha sauti.

Nilikaa na neno hilo mpaka alfajiri. Nikawa nayapitia mengine ninayoyajua, kama mtu anayehesabu tasbihi. "Perplexed" lina msuko ndani yake, nyuzi zilizosokotana, sawa kabisa na tata yetu iliyotupa kutatizika. "Astonished" lina radi, aliyepigwa na ngurumo, ambaye sisi tungesema kapigwa na butwaa. "Nonplussed" ni Kilatini cha hakuna zaidi, pale maneno yanapokwisha mdomoni. "Bewildered" lina pori: mtu aliyeingizwa nyikani asijue pa kutokea. Hilo la mwisho na lile la bibi nayapenda kuliko yote, kwa sababu aliyepotea njia ni mzima bado. Yuko mahali fulani. Anaweza kutafutwa. Vilivyomiminwa pamoja ndivyo visivyotenganishika tena.

Saa mbili asubuhi, jua la Glasgow halijatoka, nikampigia mjomba tena. Safari hii sikutafsiri. Nilimweleza nilichokiona. Kwamba mama ana homa ya mkojo, usiku anaita watu waliokwisha kufa, mchana anasinzia, anadhani yuko Ngamiani, lakini sala hajaisahau, na madaktari wanasema dawa ikikolea atarudi.

Mjomba akavuta pumzi ndefu. "Kumbe anaweweseka."

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa mwanangu, si ungesema anaweweseka! Kila mwenye homa huweweseka. Baba yetu aliweweseka kwa malaria siku tatu, akaamka akaomba uji."

Nikasikia anawageukia watu waliokuwa sebuleni, anawaambia: anaweweseka tu, anaweweseka. Neno likapita mdomo hadi mdomo, na shangazi nyuma akasema alhamdulillahi. Nililia pale korido kama mtoto. Neno nililolihitaji nilikuwa nalo tangu utotoni, mama mwenyewe alinifundisha akinikanda kitambaa cha maji kipajini.

Siku ya nne alianza kuniita kwa jina langu. Siku ya tano muuguzi akaja na karatasi ya kipimo cha akili kinachoitwa 4AT, nami nikatafsiri. Umri? Akasema. Hapa ni wapi? "Hospitali, kwa Wazungu." Kisha muuguzi akaomba aitaje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma, kuanzia wa mwisho. Nilimwambia hivyo hivyo: kuanzia wa mwisho.

Mama akajiweka sawa kwenye mto. "Ramadhani," akasema.

Muuguzi alikuwa anasubiri Desemba. Nikainua mkono, nikamwomba angoje.

"Shaabani. Rajabu. Mfunguo Tisa. Mfunguo Nane, ndio huu tulio nao. Mfunguo Saba. Mfunguo Sita, Maulidi. Tano. Nne. Tatu. Pili. Mfunguo Mosi."

Kumi na miwili, na kipimo kinaridhika na saba. Nikafungua simu kutazama kalenda ya mwandamo: Mfunguo Nane kweli, wiki ya pili. Mimi nisingeweza kuujua bila simu. Nikamweleza muuguzi kwamba mwaka wa mama unaishia Ramadhani, na kwamba hakuruka hata mwezi mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika.

"Anaandika nini?" mama akauliza.

"Kwamba umejibu sawa."

"Na yeye anaijua?"

Nikamuuliza muuguzi. Akatikisa kichwa. Mama akanyoosha mkono usio na dripu, akamshika kiganja. "Sema: Mfunguo Mosi."